Siku Walipokuja Kuliombea Titi Langu

Mimi nikikosewa silii. Nafagia. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa bado mchanga nilifagia kiwanja chetu mpaka mama mkwe akauliza kama natafuta mafuta ya petroli chini ya ardhi. Nilikuwa natafuta kisasi. Na kwa mtu ambaye safari yake ndefu ya siku ni kutoka jikoni hadi kamba ya nguo, kisasi lazima kipatikane hapo hapo kiwanjani, hakuna nauli ya kukifuata mbali.

Niliyetaka kumlipa ni mke wa kaka mkubwa wa mume wangu. Tumeolewa boma moja huku Makueni, mlango wake wa jikoni unautazama wangu, na katikati iko hiyo kamba ya nguo tunayoigombania kila Jumatatu. Jina lake silitaji. Kichwani mwangu nilimpa cheo cha Mheshimiwa, kwa sababu hakuna mkutano asiouongoza, hata ukiwa wa watu wawili na mmoja amelala. Amezaa watano na wote aliwanyonyesha mpaka wakawa wanaomba titi kwa sentensi kamili. Hilo ni jambo zuri, sina neno. Neno ninalo na vile alivyolibeba, kama askari anayevaa medali akienda kuteka maji.

Kwangu mimi maziwa yalikuja kama mvua ya huku kwetu. Wingu kubwa, ngurumo, kila mtu anatoa mitungi nje, halafu matone. Nilikunywa uji mpaka nikawa nalia uji. Nilikula njugu, nikanywa supu ya miguu ya mbuzi, nikakandwa kwa maji ya moto na watu ambao sikuwaalika. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya, akalia. Kliniki walipompima mara ya pili uzito ulikuwa umeshuka, na nesi hakunikemea wala kunihurumia. Alisema niendelee kumnyonyesha, halafu kila nikimaliza nimwongeze maziwa ya kopo kwa kipimo. Akanionyesha kijiko, akanionyesha maji yachemshwe vipi, akaita mwingine aingie. Mimi na kidato changu cha nne, na biolojia yangu ambayo mwalimu aliisahihisha huku akicheka, nilielewa yote.

Boma ndilo halikuelewa.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mtoto wangu ana jina la mama mkwe. Kwetu Wakamba msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na akishalipewa, basi ndiye huyo. Mume wangu humwita mtoto "mama." Mama mkwe naye, siku akiwa na furaha, huniita mimi mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimemzaa upya. Nami namwita yeye mwaitu kwa heshima. Mgeni akitusikia tukiitana atadhani jua limetupiga. Lakini ndiyo maana kopo lilikuwa jambo la serikali: chochote kilichoingia kwenye kinywa cha yule mtoto kiliingia kwenye jina la mama mkwe.

Mheshimiwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa akimwendea mama mkwe na kumwambia kwa sauti ya chini ambayo ilinifikia vizuri sana kwenye kamba ya nguo:

"Mwaitu, pole. Yaani uzee huu wote, urudi duniani ulishwe unga."

Kwangu alikuja na maneno mengine. "Mama mtoto, hata mbuzi hajui kopo. Umewahi kuona mbuzi na kopo?"

"Sijawahi kuona mbuzi na simu pia," nilisema.

"Sikulaumu. Ni mahali ulitoka. Kule Mwingi hata ng'ombe akikamuliwa hutoa vumbi."

Mimi ni mzaliwa wa Kitui, upande huo wa Mwingi, na utani huo wa watu wa Makueni nimeuzoea. Lakini huo aliutoa mbele ya watoto wake, na kesho yake watoto wake walikuwa wananiita Mama Kopo kutoka juu ya mpera. Nikafagia chini ya mpera ule mpaka mizizi ikaonekana.

Mume wangu anafanya kazi kwenye kituo cha mafuta Mtito Andei, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na ana sauti mbili. Ile ya Mtito Andei husema, "Nunua, mtoto ale." Ile ya nyumbani, mbele ya mamake, husema, "Tutaona." Kopo la kwanza alilinunua kwa sauti ya Mtito Andei. Mtoto alilionja, akatapika, akalionja tena, akatapika na kunitazama kama mtu aliyeuziwa kiatu kibovu. Nesi akasema tubadilishe aina. Kopo la pili alilipenda. Akalala. Akapata mashavu. Nilikuwa nambusu yale mashavu kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa. Lile kopo la kwanza likabaki kabatini karibu limejaa, kwa sababu katika boma lile kitu kilichonunuliwa hakitupwi, hufichwa mpaka kiharibike kwa heshima.

Halafu ukaja ujumbe wa sauti.

Akina mama wa kanisa letu wana kikundi kwenye simu, na humo Mheshimiwa alituma ujumbe mrefu wenye pumzi na huzuni. Akasema Jumamosi wanakuja kumwona mtoto, kama ilivyo desturi, na safari hii wabebe pia mzigo wa maombi, kwa sababu titi la dada yao limefungwa. Alisema titi. Kwenye kikundi chenye mke wa mchungaji, mwalimu wa shule ya Jumapili na mwanamke anayeniuzia mayai. Chini yake zikafuata alama za mikono iliyokunjwa, moja baada ya nyingine, kama foleni ya kutoa heshima za mwisho.

Jioni mama mkwe aliniita, akanieleza mengine. Kabla ya maombi nitamkabidhi mama mchungaji lile kopo, na nitaahidi mbele ya wote kwamba mtoto hatapewa tena. Yeye na Mheshimiwa walikuwa wameshakubaliana. Nilimpigia mume wangu, akanijibu kwa sauti ya nyumbani ingawa alikuwa Mtito Andei: "Sikiza tu wakubwa."

Nataka ieleweke hilo lilikuwa na uzito gani. Huku kwetu unaweza kumdanganya mume, hata chifu. Lakini neno ulilolitoa akina mama wakiwa wamekuwekea mikono kichwani, hilo hulivunji halafu ukaendelea kuishi pale. Ningeahidi, mashavu ya mtoto wangu yangekuwa yameahidiwa pia. Ningekataa, ningekuwa mke aliyekataa maombi. Nilikesha na fagio mkononi, kimawazo.

Jumamosi ilifika kavu na nyeupe. Ilikuwa wakati ule wa mwaka ambapo hata vivuli vina kiu. Katika boma letu ng'ombe mwenye maziwa alikuwa mmoja tu, wa Mheshimiwa, na mwenyewe ndiye aliyeahidi kuleta maziwa ya chai ya wageni. Hii si ahadi ndogo. Wageni wa mtoto huja na unga, sukari, kuni na leso, lakini chai ni ya mwenye nyumba, na chai bila maziwa kwa wageni wa kanisa ni sawa na kuwafungulia mlango ukiwa umevaa shuka. Nilisubiri asubuhi yote. Nilipoanza kusikia wimbo kule mbali barabarani, nikavuka kiwanja mwenyewe.

Alikuwa anajifunga kilemba mbele ya kioo, pini mdomoni.

"Maziwa?" nikauliza.

"Woi, mama mtoto! Nilisahau kukuambia. Ndama alikata kamba, akanyonya yote."

"Yote?"

"Unajua ndama. Yeye hana shida ya kunyonya." Akanitazama kupitia kioo, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule usio na pini. "Wapikie tu ya rangi. Wanajua hali yako."

Ndama mwenyewe nilimpita nikirudi. Alikuwa amefungwa kwa kamba nzima, mbavu zinahesabika, anajaribu kula gunia.

Sikukasirika. Nilishakasirika wiki ile mpaka nikaisha, hapo nilikuwa nimefika mahali pengine, mahali patulivu, kama vile upepo unavyonyamaza kabla ya kung'oa bati. Niliingia jikoni, nikachemsha maji kwenye sufuria kubwa ya sherehe, nikatia majani, nikaponda tangawizi. Kisha nikafungua kabati, nikatoa kopo la kwanza, lile mtoto alilolikataa. Nilikuwa nakoroga mara ya kwanza mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe.

Akatazama kopo. Akatazama sufuria. Nje wimbo ulikuwa umefika kwenye lango, na sauti ya Mheshimiwa ilikuwa juu ya zote.

"Maziwa ya ng'ombe iko wapi?" akauliza.

"Ndama alinyonya, mwaitu. Ndivyo ameniambia."

"Ndama yupi? Huyo nimemfunga mimi mwenyewe asubuhi?"

Mama mkwe wangu anaweza kusamehe mambo mengi, lakini hajawahi katika maisha yake kumpa mgeni chai ya rangi, na hakuwa tayari kuanza siku ambayo jina lake mwenyewe lilikuwa limelazwa sebuleni likingoja zawadi. Alichukua mwiko mkononi mwangu. Akaonja. Akafikiri.

"Ongeza tangawizi," alisema. "Na ufunge mdomo."

La kwanza nilitii.

Wageni waliketi wakajaa. Walimpitisha mtoto kutoka paja hadi paja, wakasifu mashavu yake bila kuuliza yametoka wapi. Nikamimina chai. Ilikuwa nzito, ya rangi ya udongo wetu baada ya mvua, na harufu ya tangawizi ilifika mpaka kwa wale waliokaa mlangoni. Nikampa Mheshimiwa kikombe kikubwa kuliko vyote. Mimi ni mtu wa heshima.

Alikitazama. Alitarajia rangi, akapewa maziwa. Niliona macho yake yakizunguka sebule nzima yakimtafuta msaliti aliyenigawia. Akaonja. Akanywa. Akanywa tena.

"Hii ni chai," alisema mwanamke wa mayai.

"Hii imekolea," akasema mwingine. "Ni ng'ombe wa wapi huyu?"

"Mama mtoto," Mheshimiwa akaita, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, "maziwa umetoa wapi?"

"Ya hapa nyumbani tu."

"Ya ng'ombe wa nani?"

"Kunywa kwanza, dada, ipoe ni hasara."

Akanywa. Nikamwongeza. Akanywa hicho nacho, na sitii chumvi: alifuta midomo, akanyoosha mkono na kikombe cha tatu nikakijaza mpaka ukingoni. Kisha, akiwa amepata nguvu, alisimama kuianza ile sehemu yake ya ibada. Aliongea vizuri. Alisema Mungu alimpa kila mama chakula cha mtoto kifuani, hakumpa dukani. Akainua kikombe chake.

"Tazameni hii chai. Mbona ni tamu? Kwa sababu hii ni maziwa halisi. Mwili wa mtu unajua kitu halisi. Ndiyo tunamwomba dada yetu leo alete lile kopo, aliweke mikononi mwa mama mchungaji, aahidi mbele yetu."

Mama mkwe alinitazama. Ilikuwa sura ya "nilisema ufunge mdomo."

Nilienda kabatini taratibu. Nilirudi na lile kopo la kwanza, nikaliweka katikati ya meza, kati ya sukari na mkate, nikalifunua ili waone ndani. Kulikuwa na vumbi la chini tu.

"Ahadi natoa," nikasema. "Hili sitampa mtoto tena. Limekwisha. Mmelinywa."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini polepole kama kilicho na nyoka. Mmoja alitoka nje na nikamsikia akitema kwenye maua yangu, ambayo hayakuwa yamemkosea.

Mheshimiwa alipata sauti kwanza, kama kawaida.

"Umetulisha chakula cha mtoto! Mnasikia? Amenyang'anya mtoto wake chakula!"

"Hapana, dada. Cha mtoto kiko pale juu, hakijaguswa. Hiki yeye alikikataa. Alionja mara mbili akatapika. Wewe umekunywa vikombe vitatu, na mwili wako ukatuambia ni kitu halisi."

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani ni mwanamke wa mayai, kwa pua. Baada ya hapo hapakuwa na maombi tena, palikuwa na bunge. Mmoja alisema huo ulikuwa utovu wa adabu, na mpaka leo nakubaliana naye. Mwingine alisema basi afadhali aseme, yeye watoto wake wote alianza kuwapa uji kabla nesi hajaruhusu, na wako sekondari. Wa tatu akamwambia huo uji ndio uliofanya hao wa sekondari wawe na vichwa vile. Mmoja alitetea maziwa ya mbuzi yaliyotiwa maji. Mmoja, ambaye alikuwa ametuma ile mikono iliyokunjwa kabla ya wote, akasema kwa hasira kwamba mama anayenyonyesha na kunenepesha mtoto bila kitu kingine anafanya kazi kubwa na asichekwe, na nikamwambia sijamcheka huyo, nimemcheka mmoja tu, na sijamaliza.

Mama mchungaji, ambaye ni mzaliwa wa upande wa Murang'a na watu humwogopa kidogo kwa sababu huongea mara chache, alikuwa bado ana kikombe chake mkononi. Alikitazama, akakimaliza.

"Watoto wangu nilikuwa nawaacha nyumbani naenda kuuza nguo soko la Malili," alisema. "Titi halikuwa likibaki nyumbani. Tuombe, mama mtoto ana kazi."

Wakaomba. Waliliombea boma, wakaiombea mvua, wakamwombea baba wa mtoto huko barabarani. Titi halikutajwa. Niliinamisha kichwa mikono yao ikiwa juu yangu, na badala ya kusema amina nilikuwa nasikiliza Mheshimiwa alivyokuwa anapumua.

Alipotoka, watoto wake walikuwa juu ya mpera wanasubiri habari. Habari hazikungoja mtu. Kufika Jumapili mchana jina la Mama Kopo lilikuwa limevuka kiwanja likahamia kwake, na mimi sikulisukuma hata kidogo, nilisimama tu kando likipita. Alitoka kwenye kikundi cha simu, akarudi, akatoka tena. Mume wangu alipiga kutoka Mtito Andei akiwa na sauti ya tatu ambayo sikuwahi kuisikia, kumbe ni ya kucheka. Aliniambia madereva wawili wa malori wanaopitia Makueni tayari wanaijua hadithi, na kwao vikombe vimefika saba.

Watu huniuliza kama nilijuta. Kanisani walitufundisha vizuri juu ya kusamehe, na mimi niko kwenye foleni hiyo, ila nimewaacha wengine watangulie.

Mama mkwe ndiye aliyenitia hofu. Hakunisemesha tangu wageni walipoondoka mpaka Jumanne. Nilijua nilikuwa nimevunja agizo lake, na mtoto alikuwa bado na jina lake, na neno lake ndilo lingeamua kopo la pili libaki au liende. Nilipika, nikaosha, nikafagia kwa adabu.

Jumanne alasiri nilikuwa nimemaliza kumnyonyesha mtoto na bado analia, nami nimeshika chupa, sijui nimpe au nijifiche. Mama mkwe akaja akasimama mlangoni.

"Huyo mbona analia?"

"Mwaitu, ni wewe," nikasema. "Una njaa."

Mama mkwe akanyoosha mikono, akamchukua mtoto, akaniashiria chupa kwa kidevu. Aliigeuza, akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono wake kupima joto, vile nesi alivyonifundisha mimi na yeye akajifanya hatazami.

"Mwaitu," aliniita, "niletee kiti."

Kulikuwa na kivuli kizuri ndani, na kingine nyuma ya nyumba. Mimi nikabeba kiti mpaka katikati ya kiwanja, nikakiweka mahali ambapo mtu akiwa jikoni kwa Mheshimiwa, akiinama au akisimama, hawezi kutazama kitu kingine. Mama mkwe akaketi, akamlisha mwenye jina lake mpaka chupa ikaanza kupiga mluzi.

"Mbona umenileta juani?" akauliza.

Nikamwambia hapo kuna upepo mzuri. Hakukuwa na upepo wowote.